Bustani ya Vita na Majira Yake: Waingereza na Mboga za Baridi, 1939–1945

Katika kufundisha majina ya majira, sisi walimu wa Kiswahili hukutana na swali moja lisilokwisha. Mwanafunzi aliyesoma habari za Ulaya huuliza: yale majira yanayofuata joto na kutangulia baridi, ambapo majani ya miti hugeuka rangi na kuanguka, yaitweje kwa Kiswahili? Wapo wafasiri waandikao "vuli", na wapo wasemao "majira ya kupukutika kwa majani". Neno la kwanza ni fupi na tamu, lakini lina hatari yake. Vuli ya pwani ya Afrika Mashariki ni mvua chache zinyeshazo baina ya Oktoba na Desemba, nayo ni wakati wa kupanda. Huko Ulaya miezi hiyo ni ya kuvuna na kuweka akiba. Anayengoja mpaka hapo ndipo atie mbegu zake ardhini atakuta ardhi imekwisha kulala.

Tofauti hiyo ya neno moja imebeba historia kubwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi Waingereza walivyolazimika, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kujifunza upya kalenda ya bustani ya nyumbani, na hasa namna ya kuitayarisha bustani hiyo kwa majira ya kupukutika na ya baridi. Kisha tutageuza macho tuitazame miaka ileile katika nchi zetu za Maziwa Makuu, maana vita vilikuwa vimoja ingawa mavuno hayakuwa sawa.

Vishamba vya kukodi

Ili kuifahamu bustani ya vita hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Katika karne ya 18 na ya 19 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria nyingi za kuzungushia uzio ardhi zilizokuwa zikitumiwa na wanakijiji wote kwa malisho na kuni. Wenye ardhi walinufaika, na maskini wengi wakabaki na mikono mitupu. Polepole pakazuka desturi ya kuwakodisha watu hao vipande vidogo vya ardhi ili walime viazi na mboga za nyumbani. Sheria ya mwaka 1908 ikazitaka serikali za mitaa kutoa vishamba hivyo pale wakazi wanapoviomba. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa futi 90 kwa futi 30, yaani takriban meta 27 kwa meta 9, kiasi cha kumpatia mtu na jamaa yake mboga.

Vita Kuu ya Kwanza vilivipa vishamba hivyo heshima mpya. Mwaka 1917 nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli nyingi za shehena, na serikali ya Uingereza ikaziruhusu mamlaka za mitaa kutwaa viwanja vitupu na kuvigawa kwa raia. Amani iliporejea, viwanja vingi vikarudishwa kwa wenyewe na majembe yakatundikwa. Katika miaka iliyofuata nchi ile iliendelea kula kutoka ng'ambo: ngano, sukari, nyama, matunda, hata vitunguu. Zaidi ya nusu ya chakula cha Waingereza kilifika kwa meli.

Oktoba ya kuchimba

Vita vilitangazwa tarehe 3 Septemba 1939. Mwezi wa Oktoba, Waziri wa Kilimo, Reginald Dorman-Smith, alizungumza na wananchi kwa redio akiomba vishamba vipya nusu milioni. Kampeni ikapewa jina ambalo kwa Kiswahili tungelisema "Chimba kwa Ajili ya Ushindi". Yafaa msomaji atazame kitenzi kilichotumika. Wananchi hawakuambiwa wapande, waliambiwa wachimbe. Kwa majira yale neno hilo lilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa huko Oktoba si mwezi wa kupanda mboga nyingi. Ni mwezi wa kuitayarisha ardhi.

Utayarishaji wenyewe ulikuwa na utaratibu wake. Mtu aliyepewa kipande cha kiwanja cha nyasi alianza kwa kukata tabaka la juu la majani na kuligeuza, mizizi ikitazama juu, katika shimo la mfereji aliouchimba. Kisha alichimba kwa sepetu mfereji baada ya mfereji, akihamishia udongo wa mmoja katika mwingine, huku akiokota mawe na kung'oa mizizi ya magugu. Madongoa makubwa hakuyavunja. Aliyaacha yalivyo, kwa sababu alikuwa na kibarua asiyedai ujira, nao ni jalidi, yaani baridi ile igandishayo maji. Maji yaliyomo ndani ya dongoa yakiganda hutanuka na kulipasua. Ilipofika Machi, udongo uliokuwa mgumu kama tofali ulimomonyoka kwa kuguswa na reki tu.

Majani yaliyopukutika yalikusanywa na kurundikwa pamoja na maganda na mabaki ya jikoni yawe mboji. Samadi ilifukiwa mahali patakapopandwa viazi. Chokaa ilinyunyizwa mahali patakapopandwa jamii ya kabichi, kwani mimea hiyo haipendi udongo wenye uchachu. Na ili ardhi isichoke wala magonjwa yasikae, bustani iligawanywa sehemu tatu: viazi, jamii ya kabichi, na sehemu ya tatu ya vitunguu, njegere, maharagwe na mboga nyingine za mizizi. Kila mwaka sehemu hizo zilipeana zamu.

Kosa la wageni wa jembe

Watu waliitika. Idadi ya vishamba, iliyokuwa yapata 800,000 kabla ya vita, ilikaribia milioni 1.4 vita vilipopamba moto. Handaki kavu lililozunguka ngome kongwe ya Tower of London lililimwa mboga. Bustani za kifalme za Kensington, zilizokuwa mahali pa matembezi ya waungwana, zikaota viazi na kabichi. Huko Bethnal Green, mashariki mwa London, wakazi waliondoa vifusi vya nyumba zilizobomolewa na mabomu wakapanda mboga papo hapo. Viwanja vya michezo vya shule navyo vilichimbwa, na watoto wakashika majembe pamoja na walimu wao.

Hata hivyo, wengi wa wakulima hao wapya walikuwa makarani, mafundi na akina mama wa mjini ambao hawakuwahi kupanda kitu. Wakafanya kosa ambalo mgeni wa jembe hulifanya popote duniani: walipanda walichokipenda, wakakipanda chote kwa siku moja, majira yalipokuwa mazuri. Ikawa Julai na Agosti kila nyumba imejaa letusi na maharagwe mabichi hata jirani hakuwa na wa kumgawia, kwa kuwa naye alikuwa nayo tele. Ilipofika Januari, bustani zilezile zilikuwa matope matupu.

Wizara ya Kilimo ililitambua kosa hilo. Ndiyo sababu mabango yake na vijikaratasi vyake vikaanza kukariri ushauri mmoja: oteshea majira ya baridi kama uoteshavyo majira ya joto. Kijikaratasi cha kwanza cha kampeni kilichora bustani nzima ya futi 90 kwa 30, mstari kwa mstari, kikionyesha kila mboga ipandwe wapi na mwezi gani. Katika redio ya BBC alikuwapo C. H. Middleton, mtunza bustani ambaye mazungumzo yake ya Jumapili yalisikilizwa na mamilioni. Huyu bwana alikuwa na sauti ya mzee anayezungumza na jirani juu ya ua, na pengine alifundisha zaidi ya matangazo yote ya serikali.

Ghala iliyo hai

Sasa tuingie katika kiini cha elimu iliyofundishwa. Kwa sisi tuishio karibu na ikweta, ambako mchana una saa 12 hivi mwaka mzima, si rahisi kuwazia tatizo la mkulima wa Uingereza. Mjini London, mwezi wa Desemba, mchana ni wa saa 8 hivi tu. Mmea hukosa mwanga pamoja na joto, nao karibu uache kukua kabisa. Kwa hiyo mboga ya Januari haioti Januari. Ni lazima iwe imekwisha kukua kabla ya giza kuingia, kisha isimame shambani ikingoja kisu. Bustani ya baridi ni ghala, ila ni ghala iliyo hai.

Kutokana na hayo, kalenda yote ilihesabiwa kinyumenyume, kuanzia siku ya kula kurudi siku ya kupanda. Liki zilisiwa kitaluni Machi, zikapandikizwa Juni au Julai, na kuchimbuliwa kidogo kidogo majira yote ya baridi. Zile kabichi ndogo ndogo zinazoota kandokando ya shina, ambazo hutajwa kwa jina la mji wa Brussels, zilisiwa wakati uleule, zikaanza kuchumwa Oktoba na kuendelea. Mboga ya majani jamii ya ile sukuma wiki ipikwayo sana Kenya ilisiwa Aprili au Mei, miche ikahamishiwa Julai mahali palipovunwa viazi vya mapema au njegere. Mboga hii haiogopi baridi. Ikipigwa na jalidi huongeza sukari katika majani yake na kuwa tamu zaidi.

Mboga za mizizi zilikuwa na njia zao. Viazi mviringo vilivunwa, vikakaushwa kidogo, vikarundikwa juu ya nyasi kavu na kufunikwa kwa nyasi na udongo visigande. Karoti zililazwa katika masanduku ya mchanga. Vitunguu vilianikwa juani mwishoni mwa Agosti, vikasukwa mashada na kuning'inizwa mahali pakavu.

Lakini kipimo cha mkulima stadi kilikuwa jambo jingine. Aprili na Mei, jua lilipokwisha kurudi na miti kuchanua maua, ndipo njaa ya mboga ilipokuwa kali. Akiba ya baridi ilikuwa imekwisha, na mazao mapya hayajawa. Wakulima wa kule huuita wakati huo pengo la njaa. Ili kuliziba, mtu alipaswa kusia kabichi za pekee mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, kuzipandikiza Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na kuziacha zipite baridi zikiwa changa, hata zifunge majani Aprili. Tafakari, msomaji, ugumu wa kazi hiyo. Bustani imefurika, meza imejaa, nawe unatakiwa uiname katika jua la Agosti usie mbegu ya chakula utakachokila baada ya miezi minane. Hapo ndipo tuonapo kwamba kalenda ya bustani ni elimu ya tabia kuliko elimu ya jembe.

Kitunguu na karoti

Mboga mbili zina kisa chake katika vita hivyo. Ya kwanza ni kitunguu. Kabla ya vita vitunguu vingi vilitoka nje, hasa Bretagne nchini Ufaransa na visiwa vilivyo katika mlango wa bahari baina ya nchi hizo mbili. Katikati ya mwaka 1940 sehemu hizo ziliangukia mikononi mwa Wajerumani, na kitunguu kikatoweka madukani. Kikawa kitu cha zawadi na bahati nasibu. Watu wakagundua kwamba mchuzi waliouzoea ulitegemea meli ya jirani. Mwaka uliofuata kila bustani ilitenga mistari ya vitunguu.

Karoti ilikuwa na bahati ya kinyume. Zilivunwa nyingi mno, na Wizara ya Chakula, chini ya Lord Woolton, ikatafuta kila hila ya kuwafanya watu wazile. Ukatokea mchoro wa "Daktari Karoti", na yakatolewa maelekezo ya kupika keki zenye utamu wa karoti badala ya sukari, iliyokuwa ikigawiwa kwa kipimo tangu Januari 1940. Ikavumishwa pia kwamba marubani wa usiku waliona adui gizani kwa kula karoti, na uvumi huo ukasaidia kufunika habari za rada zilizofungwa katika ndege zao. Ni kweli kwamba karoti huupatia mwili vitamini A, na akosaye vitamini hiyo huona vibaya gizani. Lakini mtu mwenye afya hapati macho ya bundi kwa kula karoti.

Kipimo cha mafanikio

Tusitie chumvi. Bustani za nyumbani hazikuiokoa Uingereza peke yake. Chakula kingi kilitoka katika mashamba makubwa, ambako malisho yalilimwa kuwa mashamba ya nafaka na viazi. Na meli za ng'ambo hazikukoma kuja, ijapokuwa kwa gharama ya maisha ya mabaharia wengi. Tena wapo wakazi wa mijini ambao hawakupata ardhi hata ya kupanda shina moja. Lakini mboga hazikugawiwa kwa kipimo wakati wote wa vita, na ni haki kusema kwamba bustani zilichangia jambo hilo. Nyumba iliyokuwa na kabichi Januari iliweza kuvumilia upungufu wa siagi na nyama.

Baada ya ushindi wa 1945 kampeni haikukoma papo hapo, kwani ugawaji wa chakula kwa kipimo uliendelea hadi Julai 1954. Hata hivyo wengi walichoka. Vishamba vikaachwa mwaka hadi mwaka, na elimu ya pengo la njaa ikarudi mikononi mwa wachache.

Miaka ileile huku kwetu

Sasa tuitimize ahadi yetu. Mwezi wa Septemba, wakati Mwingereza alipokuwa akipandikiza kabichi zake za Aprili, mkulima wa Rwanda alikuwa akitazama mawingu ya umuhindo, yaani mvua za kuanzia Septemba hadi Desemba, ambazo ni ndugu wa vuli ya pwani. Kwake mwanga si tatizo. Tatizo ni maji. Adui yake ni kiangazi, na hekima yake imejengwa juu ya kiangazi: kulima mabondeni penye unyevu wakati milima imekauka, na kutunza mbegu kwa ajili ya mvua ijayo. Wakulima wetu nao walijua kuhesabu kinyumenyume.

Lakini mwaka 1943 mvua ilipopungua na ugonjwa ukashambulia viazi, Rwanda iliingia katika njaa kuu iliyoitwa Ruzagayura, ikadumu hadi 1944. Maelfu kwa maelfu walikufa. Wengine walihama kwenda Uganda na Kongo. Ukame pekee hautoshi kuieleza. Nchi ilikuwa chini ya Ubelgiji, na serikali ya Ubelgiji, iliyokuwa uhamishoni mjini London, ilikuwa ikichangia vita kwa mali na nguvu za makoloni yake. Chakula, ng'ombe na vibarua vilidaiwa kwa ajili ya migodi na juhudi za vita, wakati ambapo familia zilihitaji kila kiazi na kila mkono. Mkulima aliyeambiwa apeleke mazao yake na akafanye kazi za shuruti hakukosa kalenda. Alikosa nafasi ya kuifuata, na haki ya kula alichokipanda.

Hapa ndipo visa viwili vinapokutana. Katika mji mmoja, London, watu walifundishwa kwa mabango na redio jinsi ya kujilisha katika ardhi waliyopewa, na kila walichovuna kilikuwa chao. Kutoka mji huohuo serikali nyingine ilitegemea jasho la watu ambao bango hawakuliona, na mavuno yao hayakubaki nyumbani. Kwa hiyo tunaposifu bustani ya vita, tusisahau sharti lake la kwanza. Bustani hulisha nyumba pale mwenye nyumba anapokuwa na ardhi, na wakati wa kuihudumia, na mamlaka juu ya mavuno yake.

Neno kwa walimu

Rwanda ya leo ina msemo akarima k'igikoni, yaani kibustani cha jikoni, nao umekuwa sehemu ya mafundisho ya lishe vijijini. Kila mwalimu mwenye kipande cha ardhi karibu na darasa aweza kuutumia kwa somo la lugha na la historia kwa pamoja. Wanafunzi waandike kalenda ya bustani ya kwao: lini kusia mchicha, lini kupandikiza kabichi, lini dodo na isogi hupatikana kwa wingi, na ni mwezi gani hasa sufuria hukosa mboga. Kisha wahesabu kinyumenyume waone mbegu ya mwezi huo ilipaswa kusiwa lini. Hilo litawafunza matumizi ya nyakati za vitenzi kuliko zoezi lolote la ubaoni.

Na kuhusu lile swali la mwanzo, rai yetu ni kwamba "majira ya kupukutika kwa majani" ndilo jina lifaalo kwa majira ya Ulaya, ijapokuwa ni refu, na "vuli" liachiwe mvua zetu. Mwanafunzi anayejua kwamba Oktoba moja ni ya kuvuna kule na ya kupanda huku amekwisha jifunza jambo ambalo jina moja kwa yote mawili lingemficha. Wazee walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Nao walisema hivyo wakijua vizuri mvua yao huanza lini.